Hakukuwa na Upepo

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, pamoja na heshima unayostahili kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, presha imetulia, na lile goti linalokusumbua wakati wa baridi limekuonea huruma kidogo. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima. Nakula, nalala, kazini nakwenda. Mwili wangu una nguvu kuliko ulivyowahi kuwa tangu nizaliwe, na hilo ndilo lililonikalisha kukuandikia, ingawa si habari njema kama inavyosikika.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu mimi na wewe hatujui kunyamaza. Ningeanza, ungenikatiza kuniuliza kama nimekula, ningekujibu nimekula, na habari yenyewe ingetokea mlango wa nyuma. Halafu, mwanao anakuja kwako Alhamisi. Nimeitanguliza barua hii makusudi ikufikie kabla yake. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na uifikishe mwisho kabla hujamwambia mtu neno.

Nianzie mbali kidogo. Ulipomleta kwangu alikuwa na begi moja na brashi zake za kuchorea mabango zimefungwa kwenye gazeti. Ukaniambia, "Nakupa mwanangu. Mwangalie kama nilivyokuangalia wewe." Sikuuliza swali. Ningekuulizaje? Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne na wewe kumi na tano, na shule uliacha wewe ili niende mimi. Ukinigongea mlango, mimi kazi yangu ni kufungua. Ulisema ni wiki mbili. Ikawa miaka mitatu.

Miezi ya mwanzo sikuwa na la kulalamika. Mwenyewe unaujua ule mkono wake. Alichora bango la zahanati, akachora la kinyozi wa kona, na watu walikuwa wakisimama barabarani kumtazama anavyovuta mstari mrefu bila rula, ukanyooka kama uzi wa mjenzi. Nilikuwa nawaambia kazini kwamba yule ni mwanangu.

Kofi la kwanza lilikuwa la mlango. Nilikuwa bafuni, yeye akawa anagonga, nikachelewa kumfungulia. Nilipofungua alinizaba, kisha akacheka kama aliyetania, akasema mama mdogo siku hizi unalala kama gogo. Dada, mimi ni mchapaji wa mahakama, mwaka wa ishirini na mbili huu. Maneno "alimpiga kofi shavu la kushoto" nimeyachapa mara nyingi hata vidole vyangu vinayajua bila mimi. Siku ile niligundua kwamba karatasi inaacha mengi. Haisemi sikio linavyolia kama mbu. Haisemi kwamba aliyepigwa ndiye anayeona aibu.

Baada ya hapo akazoea, nami nikazoea, na huko kuzoea ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Alinimwagia chai ya moto miguuni kwa sababu sukari ilikuwa kidogo. Alinivuta nywele mpaka kishungi kikabaki mkononi mwake, akakitupa jikoni kama mtu anayetupa manyoya ya kuku. Alinikaba nikiwa nimeshika mwiko, na mwiko ule sikuuachia. Nilikuwa nimeushika tu, kama mtoto aliyeshika mwanasesere. Akilewa alipiga, asipolewa alipiga zaidi, maana akiwa na akili zake alijua pa kupiga pasipoonekana. Majirani walisikia. Mmoja alipandisha sauti ya redio.

Halafu ikaja siku ya mbavu. Nilimwambia mgeni wake asivute sigara chumbani kwangu. Mgeni alipoondoka, mwanao aliniangusha kati ya jiko na ndoo ya maji, akanipiga mateke akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka saba. Mbavu mbili zilivunjika. Nilikupigia nikakwambia nimeteleza bafuni, ukanishauri ninunue ndara za mpira. Nilizinunua, Dada. Kwa sababu wewe ulisema.

Daktari aliyenitazama alikuwa mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni. Aliinua ile picha ya mifupa kwenye mwanga, akaitazama sana, akasema bafu langu lazima linavaa viatu, na kama nataka anaweza kunitajia na namba. Akasubiri. Nikafunga vifungo vya blauzi. Akaendelea kama hakusema kitu. Alinieleza kwamba mbali na kuvunjika, mifupa yangu imeanza kuwa myepesi, kwamba mwanamke wa umri wangu hupungua mifupa na nyama bila kujua, na kwamba dawa ninayoihitaji haiuzwi dukani: ninyanyue vitu vizito, mara tatu kwa wiki, nianze na kidogo, niongeze polepole. Nilimwambia mimi ni mtu wa miaka arobaini na minane, kazi yangu ni ya kukaa. Akanijibu, "Ndiyo maana. Kiti kimeshakula nusu yako, hiyo nusu iliyobaki uihamishe."

Mbavu zilipopona nilikwenda. Nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti kuna ua wa saruji wenye paa la bati, na humo ndani mzee mmoja mchomeleaji amejitengenezea vyuma vyake: gia za malori, magurudumu ya reli, makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Watu wanamwita Nyundo. Ana miguu ya matege na maneno yake ni machache, ya kuokota mojamoja. Nilimwambia nimetumwa na daktari. Akanitazama toka kichwani hadi viatuni, akanipa mpini wa ufagio.

Nilidhani ananitania. Mwezi mzima wa kwanza nilibeba mpini wa ufagio begani, nikichuchumaa hadi kwenye benchi na kusimama, nikiinama kiunoni huku mgongo umenyooka. Alisema mtu mzima akiingia kwenye vyuma kwa pupa, hutolewa kwa machela. Siku ya pili baada ya kuanza sikuweza kushuka ngazi za mahakama. Nilishuka kinyumenyume nimeshika ukuta, na wakili mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa. Hata kukaa chooni ilikuwa kesi ya kusikilizwa.

Palikuwa na mwanamke mwingine, mkunga wa zahanati, hamsini na mbili, mcheshi asiye na breki mdomoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kula mayai mawili asubuhi na maharage mchana, kulala mapema, na kupumzika siku moja kati ya mazoezi, maana alisema nguvu hazioti wakati unanyanyua, zinaota ukiwa umelala. Ilikuwa raha, Dada. Sijui nikuelezeje. Ishirini ikawa thelathini, thelathini ikawa hamsini. Siku niliyonyanyua kilo sitini kutoka chini hadi kiunoni, Nyundo alipiga chuma kwa chuma kama kengele, nikalia mbele za watu. Katika maisha yangu yote kila kitu kizito nilikuwa nakiitia mwanamume.

Siku moja tulipokuwa tunabadili nguo, mkunga aliona mkono wangu. Akanishika hapa juu ya kiwiko, akasema, "Hizi si za chuma. Chuma hakiachi alama za vidole." Nikamwambia yote, isipokuwa kwamba ni mwanao. Nilisema ni mpangaji. Hata kwake nilikuficha wewe.

Mwanao aliyajua mazoezi yangu na yalimchekesha. Aliniita bondia mbele ya rafiki zake, akanichora kwenye ukuta wa uani nikiwa na misuli na sketi. Kupiga hakuacha, ila alipunguza, na nilipopunguziwa nikajua alikuwa anapima. Nami nilikuwa napima. Jambo hili nakuomba ulishike vizuri, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi: kila nilipoongeza gia kwenye chuma nilikuwa nafanya hesabu. Yeye ana kilo kama sabini na mbili hivi. Niliponyanyua sabini na tano, nilirudi nyumbani nikiimba.

Sasa nakuja kwenye Jumamosi ile, wiki tano zilizopita. Saa nane mchana, jua kali, watu wote wa uani wamelala ndani. Nilimkuta jikoni anakula. Nilisimama, nikamwambia kwa adabu kwamba nimemlea nilivyoweza, ila sasa atafute chumba chake, nampa mpaka mwisho wa mwezi. Aliendelea kutafuna. Kisha akacheka, akasema, "Hata mama alisema hivyohivyo. Jino lake liko wapi?"

Dada, nilisimama pale nikalikumbuka jino lako. Ulituambia sote kwamba ulianguka kisimani. Tulicheka tulipokutana kwenye ule msiba wa jamaa, ukacheka nasi umeziba mdomo kwa kanga. Na miezi miwili baadaye ukamleta kwangu na begi moja.

Nadhani aliona usoni mwangu kwamba nimeelewa, na hakulipenda hilo. Aliinuka akachukua pasi iliyokuwa mezani, akanipiga nayo hapa juu ya sikio. Haikuwa ya moto, namshukuru Mungu. Niliona vyote vyeupe. Damu iliingia jichoni. Alipoinua mara ya pili mwili wangu ulifanya kile ulichofundishwa bila kunishauri: nilichuchumaa, mgongo ukanyooka, nikamkumbatia kiunoni, nikasukuma kwa miguu. Miguu yake ilitoka sakafuni. Nilisikia anavuta pumzi kwa mshangao, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nilimtupa kwenye ukingo wa sinki ya zege na nikasikia mfupa wa bega lake ukilia kama mti mkavu.

Alijaribu kusimama, nikamkamata shati, nikambamiza tena. Jino la mbele lilivunjika kwenye bomba. Sahani zilianguka. Alinirushia teke, likanipata tumboni, nami sikusogea, na nikaona anaona kwamba sikusogea. Hofu iliingia machoni mwake ikakaa. Akatambaa kuelekea mlango wa uani.

Mpaka hapo, Dada, hakimu yeyote ninayemjua angenielewa. Wote waliosikia kisa hiki wamenipongeza mpaka hapo, maana hapo ndipo ninapokomea kusimulia. Mkunga aliniambia angekuwa yeye angeongeza na maji ya moto, tukacheka. Lakini kisa hakikomei hapo.

Uliponipigia simu kutoka kwako, ukilia, ulisema Mungu amempa mwanao mtihani mkubwa, kwamba upepo umefunga mlango wa chuma juu ya mkono wa riziki. Nami nikakujibu ni kazi ya Mungu. Hakukuwa na upepo. Siku ile hata jani halikutikisika.

Alifika mlangoni, akashika fremu kwa mkono wa kulia ili ajiinue, kwa sababu bega la kushoto lilikuwa limevunjika. Akageuza uso, damu inamtoka mdomoni, akasema, "Basi, mama mdogo. Basi." Alisema kwa sauti ile aliyokuwa nayo akiwa mdogo, ulipokuwa unamwogesha. Nilisikia. Sitaki ujidanganye kwamba sikusikia. Nilisikia, nikautazama mkono wake pale kwenye fremu, vidole vinne vimejipanga, nikaufunga mlango.

Alipiga ukelele. Nikaufungua. Mkono haukuondoka, sijui kwa nini, labda hakuweza. Nikaufunga tena kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu sasa unajua ni kiasi gani. Nikafungua. Nikafunga mara ya tatu. Mara ya kwanza ilikuwa hasira, naweza kuapa. Ya pili sijui. Ya tatu nilifurahi.

Kwa wiki tano nimetafuta njia ya kukwambia kwamba nilifanya kwa ajili ya jino lako. Ningependa iwe hivyo. Ingekuwa zawadi, na wewe ungekuwa na deni. Si kweli. Nilifanya kwa sababu niliweza. Yeye alinihesabia mateke saba kwa sababu aliweza, nami nikamhesabia mlango.

Kisha nikaufunga mkono wake kwa taulo la jikoni, nikaita teksi. Ndani ya teksi alilaza kichwa begani kwangu, nami nikamshika asianguke kwenye kona. Hospitali walipomuuliza, yeye ndiye aliyesema ni upepo. Mimi sikumfundisha. Nadhani aliona aibu kusema kwamba ni mama yake mdogo mwenye miwani. Walimkata kidole cha shahada na cha kati, vile vinavyoshika brashi. Cha tatu kipo lakini hakipindi. Daktari wangu wa mbavu alipita wodini, akanitazama mimi, akautazama mkono, akaondoka bila kunisalimia.

Tumekaa nyumba moja tangu hapo. Namlisha, namfunga vifungo. Hajaniinulia hata sauti. Juzi niliinuka ghafla kuchukua kikombe, naye akajikunja kwenye kiti, akaleta kiwiko usoni. Mimi nakijua kiwiko kile, Dada. Ni changu. Nilikiinua karibu miaka mitatu. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani nikashindwa kulia.

Mwishowe nilimsimulia Nyundo yote, hadi mlango wa tatu. Alikuwa anachomelea, akazima mashine, akavua miwani ile myeusi. Alichukua daftari langu ninaloandikia kilo ninazonyanyua, akaliweka kwenye rafu yake ya juu, akaniambia nisiende pale kwa sasa. Sikumbishia.

Basi nimeamua hivi. Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, nitakwenda kituoni kuandika maelezo. Nitaandika kofi, chai, mbavu, pasi, na nitaandika mlango mara tatu. Sitaruka lake wala langu. Huenda wakanifungulia kesi, huenda nikapoteza kazi. Kesi ikifika mahakamani, mwenzangu wa meza ya pili ndiye atakayeyachapa. Nimemwambia mwanao. Akasema anataka kuja kwako. Sikuwa na haki ya kumzuia, lakini sikuona haki ya kukuachia umpokee gizani.

Kidonda kinasafishwa kila siku ya pili, kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo. Dawa za maumivu ziko kwenye mfuko wa pembeni wa begi, asizidishe mbili. Bega linataka mwezi mwingine. Usimnunulie brashi. Nilifanya kosa hilo, nikamkuta ameishika kwa mkono wa kushoto anajaribu kuandika jina lake, herufi zinaanguka kama walevi, akanitazama, na sitakuelezea alivyonitazama.

Na akipona, Dada, akikuinulia mkono wowote uliobaki, usiseme umeanguka kisimani. Niambie mimi, mwambie jirani, liambie geti. Sisi wawili tumemlea kwa kunyamaza, wewe huko na mimi huku, mpaka ikabidi mlango uzungumze. Ukiamua kutompokea, nijulishe kwa simu kabla ya Jumatano nisimpandishe basi. Ukiamua kutonipokea mimi, nitajua kwa ukimya wako, na sitakulaumu.

Nisalimie shangazi na mwambie miwani yake ipo tayari kwa fundi. Wasalimie wajukuu wote, na yule mdogo aliyeanza kusimama. Ujitunze, unywe dawa zako kwa wakati, usibebe ndoo kubwa. Mungu akulinde hadi tutakapoonana, kama bado utataka tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

niliyeufunga mlango.